Wodi ya Wenye Uchungu

(Hotuba ya Mheshimiwa Januarius Mahona, Mratibu Mkuu wa Kanda Ndogo ya Maendeleo Shirikishi, aliyoitoa wakati wa kuzindua Wodi ya Kujifungulia Bila Uchungu katika kijiji cha Mwanhonge, Bariadi, msimu wa kuuza pamba, mwaka wa pili tangu soko la pamba liwe huria. Wananchi wameketi chini, nyuma ya kamba iliyoshikwa na walinzi wa jadi, Sungusungu. Mbele yao, kwa umbali, linaonekana jengo jeupe lenye madirisha ya bluu.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye angekuwa hapa lau asingepata udhuru. Mheshimiwa Kaimu wa Mwakilishi huyo, ambaye naona kiti chake kimefika peke yake. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Maalumu ya Uchungu ya Kanda Ndogo, mlioko macho na mliosinzia hapo meza kuu. Viongozi wa madhehebu yaliyosajiliwa na yale yanayosubiri. Banamhala, wazee wetu wa kijiji. Makamanda wa Sungusungu na pinde zenu. Wanunuzi binafsi wa pamba na mizani zenu, ambazo leo nimeagiza zipumzike zisije zikapima hotuba. Akina mama wajawazito, ambao ndio malighafi ya mradi huu. Wananchi wa kawaida, na ninyi mlioketi huko ambako itifaki haifiki kwa sababu ya vumbi: mwangaluka.

(Wananchi: "Mwangaluka.")

Hiyo ni mwangaluka ya watu waliokunywa uji mwepesi. Naomba iliyoshiba. Mwangaluka.

(Wananchi, kwa sauti: "Mwangaluka, ng'wana Mahona." Meza kuu inapiga makofi.)

Wabeja sana, asanteni. Ndugu wananchi, kabla sijaanza hotuba yangu naomba nianze kwa kusema kwamba nitakuwa mfupi, na nikisema mfupi nina maana ya ufupi wa kiofisi, ambao hauna uhusiano na jua mnaloliona. Mimi ni mtu mwenye uchungu. Nasema hivi bila kujisifu, kwa sababu kazi ya kunisifu nimewaachia wasaidizi wangu na wameifanya vizuri. Nina uchungu na Bariadi hii, nina uchungu na pamba yake, nina uchungu na barabara ya kwenda Maswa, ambayo juzi imevunja springi ya gari la Serikali huku mimi mwenyewe nikiwa ndani, na nina uchungu na kila mmoja wenu, hata yule mzee anayejikuna. Wapo viongozi wenye elimu, wapo wenye magari, wapo wenye vitambi, lakini viongozi wenye uchungu, ndugu zangu, ni wa kuhesabika, na mimi nikianza kuwahesabu huwa naanzia kwangu.

(Kicheko. Upepo unapita. Jengo linatikisika, na dirisha moja linakunjamana.)

Naona mnaangalia jengo. Msishtuke. Hilo ni jengo la teknolojia ya wepesi. Majengo ya zamani yalikuwa yanasimama tu, hili linapumua, na wataalamu wanasema hata likija tetemeko la ardhi litainama kidogo liliache lipite. Ndiyo maana tumeweka kamba. Rangi haijakauka, na Sungusungu wetu, wakiongozwa na kijana Bujiku, ambaye namwona ameikamata kamba kwa mikono yote miwili kama inavyotakiwa, wana maagizo kwamba asisogee mtu yeyote mpaka utepe ukatwe.

Sasa turudi kwenye historia. Zamani, wakati ule wa kupanga foleni, kila kitu kilikuwa cha Serikali. Sukari ya Serikali, sabuni ya Serikali, khanga za Serikali, na uchungu wa kuzaa nao ulikuwa wa Serikali. Mke wa bwana shamba na mke wa mchunga ng'ombe walilala kitanda kimoja, huyu kichwani, yule miguuni, wakapewa dawa moja, nayo ni kuambiwa na muuguzi, "Kaza moyo, wewe si wa kwanza." Watu wengine mpaka leo wanauita ule usawa. Ule haukuwa usawa, ndugu zangu, ule ulikuwa mrundikano. Leo tuko katika soko huria. Leo ni ruksa. Kila mama ana ruksa ya kuwa na uchungu wake binafsi, wa kiwango anachokimudu, bila kuingiliwa na Serikali.

(Makofi kutoka meza kuu. Akina mama wanatazamana.)

Kwa utaratibu huu mpya wa uchangiaji, uchungu umegawanywa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni la mama anayechomwa sindano ya kutuliza, akajifungua huku anaulizia gazeti. Daraja la pili ni la mama anayepewa vidonge viwili vya kichwa, ambavyo, kwa kuwa haumwi kichwa, huvifunga kwenye pindo la khanga akaenda navyo nyumbani kwa matumizi ya baadaye. Daraja la tatu, ambalo kwa mujibu wa fisibiliti stadi yetu ndilo linalopendwa sana na wananchi wa vijijini, linapatiwa huduma ya Kaza Moyo. Na niseme ukweli, watu wanaidharau Kaza Moyo kwa sababu ni ya bure. Kaza Moyo haihitaji friji. Haihitaji bomba la sindano. Haina tarehe ya kuisha nguvu, haina madhara kwa anayeitoa, na muuguzi anaweza kuitoa akiwa chumba cha pili anakunywa chai. Anachotakiwa mama wa daraja la tatu ni kuja na glavu zake, wembe wake, mafuta ya taa yake na uchungu wake mwenyewe, kwa sababu hapa hatuazimi.

(Minong'ono nyuma. Bibi Esteria, mama yake Bujiku, anasimama: "Ng'wana Mahona, samahani nakukatiza. Mkwe wangu Shida ana uchungu.")

Asante sana, mama. Wajumbe, mmesikia? Huu ndio tunaouita mwamko. Miaka mitano iliyopita ungemtafuta mtu mwenye uchungu katika kijiji hiki usimpate, wote walikuwa wanangoja Serikali iwe na uchungu kwa niaba yao. Leo binti mdogo anasimama hadharani

(Bibi Esteria: "Hasimami. Amelala.")

analala hadharani, na kuutangaza uchungu wake bila woga. Mpigieni makofi. Binti Shida, hata mimi ninao. Tuko pamoja.

(Makofi machache. Bujiku anageuka kumtazama mke wake, kamba ikiwa mkononi.)

Bujiku, tazama mbele. Mke wako yuko salama, yuko kwenye hotuba.

Sasa mtu anaweza kuuliza, Mheshimiwa, hiyo sindano ya daraja la kwanza inafanya kazi kweli? Ni swali zuri, na nashukuru kwamba nimejiuliza. Uongozi hauwezi kuwaletea wananchi kitu ambacho wenyewe haujakionja. Kwa hiyo tulifanya pailoti. Tulihitaji mama mmoja mjamzito, mwenye afya, mwenye usafiri wa kumfikisha Mwanza, na mwenye mume anayejua kuandika ripoti. Tukatafuta kanda nzima, tukapita vijiji, tukachoka, na kwa bahati ambayo hata mimi ilinishangaza, tukampata nyumbani kwangu. Mke wangu Benedikta alilazwa kwenye chumba chenye mapazia. Akachomwa. Alipoulizwa anajisikiaje, alisema feni inapiga kelele. Akamzaa binti yetu Nancy, akauliza chakula ni saa ngapi. Nami, kwa uchungu nilionao na wilaya hii, nilisimama mlangoni pale nikamfikiria kila mama wa Mwanhonge, nikatokwa na machozi, jambo ambalo daktari anaweza kulithibitisha maana alinipa kiti.

(Makofi. Mjumbe mmoja wa meza kuu anaamka, anapiga makofi peke yake, analala tena.)

Matokeo ya pailoti hiyo ni mafanikio ya asilimia mia, na ndiyo yaliyotufungua macho tukaona pengo lilivyo. Takwimu zinaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya uchungu wote wa kuzaa katika kanda hii umelundikana vijijini, ambako hauna matumizi, wakati huko mjini, kwenye nyumba zenye uzio, wamebaki na uchungu kidogo sana, wengine hawana kabisa. Ndugu zangu, hii si haki. Kamati inaangalia uwezekano wa kutafuta mnunuzi wa nje wa hiyo ziada, kama tunavyouza pamba, ingawa mshauri mwelekezi ametuonya kwamba tukiuuza ukiwa ghafi tutapunjwa. Lilijitokeza pia lile suala la mila, kwamba mama akichelewa kujifungua inabidi ataje jina la mwanamume mwingine ndipo mtoto ashuke. Kamati ililijadili kwa kina, kila mjumbe akawaza ni jina gani linaweza kutajwa, na kwa kauli moja tukaliondoa kwenye ajenda.

(Kicheko kikubwa, hasa cha akina mama. Klementina, muuguzi wa zahanati ya kijiji, anapita chini ya kamba: "Mheshimiwa, huyu binti anahangaika tangu jana jioni. Ni mimba ya kwanza, nguvu zinamwisha. Tunaomba sindano moja kwenye hilo boksi lililo hapo mezani, au basi gari limkimbize misheni.")

Muuguzi, maombi yako ni mazuri na yamepokelewa, na nitayajibu kwa mpangilio nikianza na la pili. Gari lipo. Dereva Dastan yupo, mafuta yapo, na utashi wa uongozi ndio usiseme. Lakini hizi spika mnazozisikia zinakula umeme wa betri ya gari hilohilo. Gari likiondoka, hotuba inakatika. Hotuba ikikatika, jengo halijazinduliwa. Jengo lisipozinduliwa, huyu binti atajifungulia wapi? Mnaona mambo yanavyoshikamana. Mtu asiyejua utawala atasema Mahona amekataza gari, kumbe mimi hapa najikaza kusoma harakaharaka kwa ajili yake yeye.

(Klementina: "Na sindano?")

Nakuja huko. Hapo naomba utulivu, kwa sababu kuna watu wameeneza maneno. Sindano zilifika. Boksi zima, zimefungwa vizuri, nami nilizipokea kwa mikono hii. Maagizo yake yalikuja kwa redio koli ya polisi, na siku hiyo ilikuwa inanyesha, redio inakwaruza, sauti inakuja inapotea, lakini maneno machache yalisikika yamenyooka kabisa: sindano hizo wapewe wenye uchungu. Tukauliza, rudia. Wakarudia. Wenye uchungu. Basi.

Kamati ikaketi kikao cha dharura, hotelini, kwa sababu uchungu si jambo la kujadiliwa nyumbani kwa mtu. Ajenda ilikuwa moja: nani hasa ana uchungu katika wilaya hii? Mjumbe mmoja, naye tulimsamehe kwa kuwa alikuwa mgeni, akasema labda ni akina mama wanaozaa. Tukamuuliza, uchungu wa hao unadumu kwa muda gani? Akasema usiku mmoja, ukizidi sana siku mbili. Ndugu zangu, mimi nina uchungu na wilaya hii tangu nilipoajiriwa, sijapumzika hata sikukuu. Sasa nani anastahili sindano? Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi wa wilaya ni nani kama si kiongozi wake? Tukapiga kura ya kunyoosha mkono, tukajikuta sote tuna uchungu, kwa viwango mbalimbali, na hakuna aliyepinga.

(Sauti kutoka kwa wananchi: "Duh.")

Asante kwa kuunga mkono. Tukachomwa kwa kufuata itifaki, na matokeo yalipita matarajio. Mjumbe wa Mifugo, ambaye alikuwa na uchungu mkubwa sana na josho lililokauka, alilala tangu gulio hadi gulio, na alipoamka hakukumbuka josho lilikuwa wapi. Mjumbe wa Barabara anasema sasa hata apite korongo gani hasikii kitu. Mhazini wetu Marcelo alicheka msibani, tukamtoa nje kwa heshima. Katibu hakuandika muhtasari kwa sababu mkono wa kuandikia aliutafuta hakuuona. Kwa muda wa wiki nzima, na hili halijawahi kutokea mahali popote ninapopajua, uongozi wote wa kanda haukuwa na uchungu hata chembe.

(Kicheko kinaanza, kinakatika. Kilio kilichobanwa kinasikika nyuma. Shida ameuma pindo la khanga, ameshika mkono wa Bibi Esteria.)

Ikabaki sindano moja, ambayo tuliihifadhi maalumu kwa uzinduzi wa leo, na ndiyo iliyokuwa kwenye boksi hilo. Nasema iliyokuwa. Ndugu zangu, mimi ni mkweli, na ukweli umenifikisha hapa. Hivi viatu mnavyoviona ni vipya, yaani ni vipya kwangu, ni mtumba wa daraja la kwanza kutoka Mwanza, na vinabana. Niliposhuka kwenye gari nilijiuliza, kiongozi atawezaje kuzungumzia maumivu ya wengine wakati yeye mwenyewe vidole vinamuuma? Si atababaika? Si atawapunja? Nikamwambia Dastan, nichome. Hapa nilipo siisikii miguu yangu. Naambiwa nimesimama, naamini.

(Klementina anaenda meza kuu, anafungua boksi. Ndani mna pamba.)

Hiyo pamba mnaweza kuichukua, ni ya kwenu.

(Bibi Esteria anaongea akiwa amechuchumaa, hajainua sauti: "Ng'wana Mahona. Siku mama yako anakuzaa, mimi ndiye niliyemshika mgongo. Ilikuwa kwenye shamba la mtama, jua kama hili. Hakuwa na kitu cha kuuma, aliuma mkono wangu. Sisemi unilipe. Nasema fungua hilo jengo, binti wa watu alale kivulini.")

Mama Esteria, nakushukuru kwa historia hiyo, ambayo inathibitisha kwamba nimetoka mbali. Nimeguswa, ingawa kwa sababu ya sindano sina hakika nimeguswa wapi. Lakini utepe haujakatwa. Mkasi anao Mheshimiwa Mwakilishi, na Mheshimiwa Mwakilishi hajafika, na bila mkasi mimi kama Mratibu sina mamlaka ya... Bujiku, shika kamba. Bujiku. Hiyo kamba ni mali ya Serikali.

(Bujiku ameiachia kamba. Amembeba mke wake. Akina mama wananyanyuka wote pamoja, wanamfuata kuelekea kwenye jengo.)

Rangi haijakauka, jamani. Mtachafuka. Dastan, wazuie. Sungusungu wengine mko wapi? Mbona mnawapisha? Akina mama, huo mlango msiushike, unafunguliwa kitaalamu.

(Klementina anashika kitasa. Hakishikiki. Kimechorwa. Bujiku anazunguka upande wa pili, Shida akiwa mikononi mwake. Nyuma ya jengo kuna nguzo mbili za miti, kamba za katani, na shamba la pamba la mzee Salu. Anarudi mbele.)

Sasa. Kwa kuwa mmefika huko kabla ya itifaki, nalazimika kuruka kurasa tisa niingie kwenye maelezo ya kiufundi. Mradi wowote wa kisasa una awamu tatu. Kuna awamu ya kuonekana, kuna awamu ya kutathminiwa, na kuna awamu ya kuwepo. Sisi tuko awamu ya kwanza, na sidhani kama kuna mtu hapa anayeweza kusema kwamba jengo hakuliona. Turubai hilo limechorwa na fundi Anatoli, msanii wetu wa hapa hapa, ambaye zamani alikuwa anachora matangazo ya bia, na ndiyo maana ukitazama vizuri dirisha la mwisho lina povu. Tumelizindua Maswa mjini. Tumelizindua Shishiyu. Kalemela tumelizindua mara mbili, maana upepo wa ziwa ulilipindua, tukaona tusipoteze nafasi. Mnaolalamika mniambie, wodi ya saruji ingewezaje kutembea hivyo? Na huo ni mwanzo tu. Ninaahidi hapa, mbele ya viti vya waheshimiwa, kwamba ifikapo mwaka elfu mbili kila mama wa kanda hii atazaa anacheka, kila kijiji kitakuwa na wodi yake iliyochorwa, na

(Bibi Esteria: "Bujiku, kata hizo kamba." Bujiku anamlaza Shida chini taratibu, anachomoa panga lake kiunoni, anakata. Jengo linaanguka bila kishindo.)

na jengo linaanguka. Jengo linaanguka, Dastan. Linatakiwa Shinyanga kesho asubuhi.

(Akina mama wanatandika nusu ya turubai chini, kwenye majani, na nusu nyingine wanainyanyua na kuishikilia kwa mikono, wamezunguka. Shida analazwa ndani. Kwa nje yanaonekana madirisha ya bluu na miguu ya akina mama.)

Angalieni basi mlalie upande ambao haukuchorwa. Klementina, wewe ni mtumishi, umekula kiapo, waambie. Mlango usikunjwe. Huo mlango tulimlipa Anatoli peke yake.

(Sauti za akina mama kutoka ndani ya turubai: "Sukuma, mayu. Sukuma.")

Naam, Wasukuma, nimewasikia. Nami ni Msukuma mwenzenu, na nafarijika kuona kwamba hata katika mazingira magumu mnalitaja kabila letu kwa fahari.

("Sukuma. Sukuma, mwanangu.")

Oyee. Na kwa ari hiyohiyo, naomba sasa nipitie mikakati kumi na miwili ya utekelezaji, nikianza na mkakati wa kuandaa mikakati, ambao una vipengele

(Spika zinakwaruza, zinanyamaza. Dastan: "Bosi, betri imekwisha." Mheshimiwa anaendelea kwa mdomo, hasikiki zaidi ya meza kuu.)

vingi, na vyote ni muhimu, lakini kwa kuwa nyote sasa mmenipa mgongo nakwenda moja kwa moja kwenye kaulimbiu. Nikisema "Uchungu huria", ninyi mnaitikia, "Kila mtu na wake". Uchungu huria.

(Hakuna anayeitikia. Ndani ya turubai Shida anaitema khanga. Analia mara moja tu, kwa sauti ambayo spika hazikuifikia tangu asubuhi, na ng'ombe waliokuwa wanapita wanasimama. Kisha kimya. Kisha analia mtoto. Vigelegele vinapasuka, vinaenda, vinarudi.)

Asanteni. Asanteni sana. Ketini, jamani, inatosha, sikutegemea mapokezi ya namna hii. Naambiwa ni mtoto wa kike. Naambiwa mama yake ni mzima, anaomba maji. Basi iingie kwenye ripoti kwamba mama mmoja amelazwa katika jengo letu, mama mmoja amejifungua, na mafanikio kwa mara nyingine ni asilimia mia. Bujiku, acha kulia, mtu mzima, unatuharibia picha.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi Anatoli kwa jengo, ambalo sasa limelowa na haliwezi tena kuzinduliwa mahali pengine. Nawashukuru wajumbe wa Kamati kwa kuzipokea sindano kwa niaba yenu na kulala kwa niaba yenu. Nawashukuru wafadhili, ambao kama wangekuwepo wangefurahi. Namshukuru mzee Salu kwa shamba lake, ambalo hatukumwomba. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi wananchi wa Mwanhonge kwa kuja kwa wingi kuzindua mradi huu ambao, ukiondoa turubai, ambalo mmelilalia, na ukiondoa sindano, ambazo tumechomwa, na ukiondoa mimi, ambaye naondoka sasa hivi, unabaki kuwa... unabaki kuwa hotuba. Nayo imekwisha. Dastan, washa gari.

(Dastan: "Haliwaki, bosi. Hotuba imekula betri yote. Labda lisukumwe.")

Mmesikia, Wasukuma. Njooni basi, wanaume kumi wanatosha, sukumeni kidogo tu mpaka kwenye ule mteremko. Mbona hamji? Kutoka hapa mpaka Bariadi mjini si mchezo, na hii sindano naona inaniisha, naanza kuvisikia viatu. Vinabana. Jamani, vinauma kweli, kidole hiki kinawaka moto, sijui kama nitaweza hata kupiga hatua. Muuguzi, huna hata kidonge? Kimoja? Klementina, nakuambia kama ndugu yako, siyo kama Mratibu. Nina uchungu.

(Meza kuu imelala. Wanaume wanasaidia kushikilia turubai. Bibi Esteria anatoka upande wa mlango uliochorwa, mikono inachuruzika maji, anakuja mpaka alipo Mheshimiwa. Anamtazama viatu, kisha anamtazama usoni.

"Kaza moyo, ng'wana Mahona. Wewe si wa kwanza.")